Misa Mezani Kwangu

Dada Molly,

Huku Kericho tuko salama, ila mvua ya mawe imepiga majani ya chai vibaya. Kiptum anakusalimia, hata kama kwenye meseji yako ulimwita "huyo mtu".

Mwezi wa pili zamu ya Misa ya jumuiya ilifika nyumbani kwetu. Padri aliweka kalisi, kikombe cha divai ya Misa, kwenye meza aliyotengeneza Kiptum, juu ya kitambaa nilichopiga pasi mwenyewe. Majirani wote wakakomunika sebuleni kwangu. Mimi mwenye nyumba nikabaki mlango wa jikoni nimeshika birika, kama nilivyokaa pembeni miaka tisa tangu nihamie kwa Kiptum bila ndoa ya kanisa.

Watu walipotoka nilimweleza padri yote. Akasema, "Aluoch, omba, uiulize dhamiri yako bila kujidanganya, kisha urudi."

Niliomba mpaka juzi, nikamrudia na jibu. Hakunikataza kukomunika.

Sasa wewe unataka nimwache Kiptum kabla ya Pasaka nirudi kwa Gordon, eti ndiye mume wa pete ya kanisani. Dada, wewe ndiye uliyenisimamia harusi ile. Wewe ndiye uliyenifunga bandeji mkono Gordon alipouvunja, ukaniambia nivumilie, na Jumapili ukaenda kukomunika. Nani alikuuliza kitu?

Usinitumie tena mtu wa kunishauri. Pasaka nitapanga laini ya komunyo kama wengine. Nitanyoosha mkono huo huo. Haukupona vizuri, lakini unafunguka.

Mdogo wako,
Aluoch, mke wa Kiptum