Tatu Alivuka kwa Heshima

Anselm mwanangu, mkeo Tatu hakuwa na viatu. Hakuwa na mahali pa kuvukia, maana barabara yetu ya Gare haina. Hakuwa na shahidi ila mimi, mkwe wake.

Yu hai. Mguu umevunjika.

Nilikuwa napanda kutoka duka la ujamaa, yeye anashuka na kikapu cha kabichi. Aliponiona akavuka, asipishane na baba mkwe. Unajua adabu yetu. Lori la mbao likatokea kwenye kona bila kupiga honi.

Hata pale chini alivuta kanga afunike uso. Damu inamtoka, Anselm, naye ananionea haya.

Askari aliyekuja kupima ajali akaniambia, "Mzee, alivuka hovyo. Aliyevuka hovyo hana haki ya fidia."

Nikamwambia, "Ndugu, kuvuka vibaya kunapunguza haki, hakuifuti. Dereva naye ana wajibu kwenye kona."

Akacheka. "Hayo umeyasoma kwenye kisomo?"

"Ndiyo. Na wewe?"

Akaacha kucheka. Akauliza, "Basi alivuka kwa nini?"

Nikainama kuokota kabichi zake. Alivuka kwa nini. Alinikwepa mimi.

Nikifumba macho naiona ile kanga. Nisiposema, wataandika kwamba alijitakia.

Nimemwandikia hakimu kwamba alivuka kwa kuniheshimu, na kwamba nitayasema hayo mahakamani, Tatu akiwa amekaa mbele yangu. Bahasha nimeibandika kwa ugali. Utingo wa basi la Lushoto ameondoka nayo sasa hivi.