Baba, Soma Karatasi Zote Nne

Chang'ombe, Dodoma
Jumapili, baada ya kufua

Kwa baba yangu na mama yangu, Busi

Asalaam aleikum. Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Nawauliza hali kwanza kabla sijaanza maneno yangu, kwa sababu nikishaanza sijui nitasimama wapi. Goti la Mama linaendeleaje na baridi hii? Uwele umebeba masuke? Yule mbuzi mwenye pembe moja bado anaingia majikoni mwa watu? Mimi mzima. Upepo wa huku umenikausha midomo, lakini nakula, nasali, nasoma, na Suzana ninayepanga naye chumba ni mtu mwema ingawa anafanya mazoezi ya kwaya tangu alfajiri.

Baba, kabla hujaendelea, nakuomba kitu kimoja. Barua hii ina karatasi nne. Nimeziandika namba juu, kubwa, ili na Mama azione. Naomba uzisome zote, kwa sauti, kama zilivyo. Najua unavyosoma. Unavaa miwani, unakohoa, unasoma ukurasa mzima kimoyomoyo huku watu wanakutazama mdomo, halafu unamgeukia Mama unamwambia kwa Kirangi, "Hajambo. Anasoma." Mwaka jana niliandika karatasi mbili nzima kumkataa yule mchumba wa Kolo, kwa heshima na kwa sababu zangu zote. Nilipokuja likizo nikamkuta Mama anamwita mama wa yule kijana "mkwe wangu", na jogoo waliyetuletea nikamla mimi mwenyewe siku ya kwanza, paja zima, bila kujua nakula nini. Kumbe ulimsomea kwamba "anafikiria". Baba, sikuwa nafikiria.

Mama, wewe hesabu. Zikisomwa tatu, muulize ya nne iko wapi.

Sasa habari yenyewe. Chuoni kwetu limekuja tangazo la mafunzo kwa vitendo ya miezi sita huko Uholanzi, kwenye kiwanda kidogo cha maziwa na jibini. Wanataka wanafunzi wawili. Tuliomba wengi, tukaitwa kumi na mmoja kwenye usaili, wasichana tukiwa watatu. Suzana aliniazima viatu vyake vya kanisani, ambavyo ni vikubwa, nikavijaza magazeti. Nilitembea kutoka Chang'ombe mpaka chuoni nikiwa nimekunja vidole vya miguu ili visichomoke, na nilipofika nilikuwa nimechoka kama nimetoka kulima.

Mbele yangu alikuwa Ndahani, yule Mgogo wa Mpwapwa niliyewaambia, ambaye kwao wana ng'ombe hata hawawajui idadi. Kwenye benchi alijinyoosha, akasema kwa kunihurumia, "Rukia, wewe jaribu tu, lakini haya mambo ya ng'ombe ni ya wanaume." Akaingia. Mlango ulikuwa haufungi vizuri, kwa hiyo nilisikia yote na sikuona haja ya kusogea.

Ndani walikuwa wawili, Mwalimu wetu wa mifugo na mama mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye nywele nyeupe na daftari. Yule mama alikuwa akiuliza kwa Kiingereza, na Mwalimu anatafsiri pale mtu anapokwama. Ndahani alikwama mapema.

"Kwenu nani anakamua?"

"Dada zangu."

"Na nani anasukasuka maziwa, anatoa samli?"

"Mama."

"Wewe ulikuwa unafanya nini na hayo maziwa?"

Nikamsikia Ndahani kwa unyenyekevu kabisa, "Nakunywa."

Nilicheka mpaka kiatu kimoja kikachomoka. Lakini mambo hayakuishia hapo. Yule mama akamweleza kwamba wanaokwenda wanaishi nyumba moja, wake kwa waume, na wanapika na kusafisha vyoo kwa zamu. Akamuuliza anajua kupika nini. Ndahani akasema ugali. Unapikaje? Akasema unaweka unga kwenye sufuria, unauchochea ukipata moto, mwisho ndipo unatia maji. Baba, mtu ana miaka ishirini na mbili na ameula ugali kila siku tangu aote meno. Alitoka amelowa jasho akaniambia, "Wameniuliza mambo ya ajabu sana."

Nikaingia mimi. Nilidhani nami nitaulizwa ya ng'ombe, maana nilikuwa nimejiandaa usiku na mchana. Mwalimu akaanza, "Rukia, una mchumba?" Nikasema sina. "Na ukiolewa katikati ya mafunzo?" Nilitaka kumuuliza nitaolewa na nani, kama anamjua aniambie, lakini nikajibu kwa adabu kwamba miezi sita sitaolewa. "Mzazi wako amekubali?" Akanisogezea fomu. Imeandikwa juu: idhini ya baba au mume. Wenzangu wote wa kiume walitoka mikono mitupu, fomu ile ilikuwa ya wasichana watatu tu.

Mwishoni yule mama akaniuliza kama nina swali. Baba, wewe ndiye uliyenilea kuuliza, kwa hiyo lawama hizi tugawane. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sababu nilikuwa na hasira na Kiingereza changu kikipandwa na hasira kinakimbia, "Mbona wavulana hawakupewa hii?"

Mwalimu akakohoa. "Wale ni watu wazima."

"Mwalimu, Ndahani nimemzidi mwaka mzima."

Yule mama akauliza nimesema nini. Mwalimu akamgeukia, akamwambia kwa Kiingereza, "Anashukuru kwa nafasi hii."

Wallahi nilikuona wewe, Baba, na miwani yako. Hasira ikaniisha nikacheka, na nilipocheka Kiingereza kikarudi. Nikamwambia mwenyewe, polepole, neno kwa neno, nilichouliza. Yule mama akaichukua fomu, akaitazama mbele na nyuma, akasema ama isiletwe na mtu yeyote, ama iletwe na wote, na akauliza mbona mama mzazi hayumo kabisa. Mchana ule ule karani akapiga taipu fomu mpya: sahihi ya baba na sahihi ya mama, kwa kila anayechaguliwa, awe wa kike au wa kiume. Wavulana wakaninunia hata salamu hawapokei.

Jumatatu majina yakabandikwa. Tumechaguliwa mimi na Ndahani. Ndiyo, na yeye. Nadhani yule mama alipenda kwamba hakudanganya.

Ijumaa Ndahani alikwenda Mpwapwa kuchukua sahihi, na jana amerudi. Baba yake alitia sahihi amesimama. Mama yake akasema yeye dole gumba lake halitoki bure, kwanza mwanawe ampikie ugali aone kama anaweza kuishi kwa watu. Wa kwanza wakala mbwa. Wa pili mbwa wakakataa. Wa tatu mama yake akamega tonge moja, akatafuna muda mrefu, akaomba wino. Ndahani ananisimulia huku anaficha mkono aliojichoma na mvuke, na tangu jana ananiita dada.

Baba, tangu siku hiyo nawaza sana mambo haya ya kazi ya nani na kazi ya nani. Nakumbuka Mama alipolazwa Kondoa wiki mbili, mimi na Kaka Bakari tukiwa wadogo. Ulifunga mlango ukatia na komeo, ukatupikia uji wa uwele, ukatuapisha tusimwambie mtu. Majirani walikuwa wanabisha na wewe unajibu kutoka ndani kwamba unatafuta mbegu. Uji wako ulikuwa mtamu, Baba, haukuwa na madonge. Nimetunza kiapo miaka yote hii, na leo nimekivunja mbele ya Mama, nisamehe. Ila nimekivunja kwa makusudi, maana nina la pili.

Likizo iliyopita, jikoni, Mama alisawazisha majivu chini kwa kiganja akaniambia, "Niandikie jina langu nilione." Nikaliandika kwa kijiti. Akalifuta, akaliandika yeye. Likizo nzima, kila tulipoinjika sufuria, akawa anaandika Hadija na anafuta. Herufi ya J ilimsumbua, ilikuwa inatazama ng'ambo, lakini siku naondoka ilikuwa imegeuka. Baadaye akataka na jina langu. Akaniambia, "Usimwambie baba yako, ataona namnyang'anya kazi." Kwa sababu ni kweli, tangu ghala la ushirika lifungwe na ukarani wako ukaenda nalo, kazi iliyobaki kwako ni kuwasomea watu barua, na nusu ya Busi inakutegemea. Mama anajua hilo na alikuonea huruma. Basi nyumba moja, watu wawili, kila mmoja anamficha mwenzake kitu anachokiweza. Mimi nimechoka kuwa sanduku lenu la siri.

Ninachoomba ni hiki. Fomu imo humu ndani. Inatakiwa kurudi kabla wiki mbili hazijaisha, na sahihi mbili, la sivyo nafasi yangu anapewa mwingine. Naogopa, Baba. Sikuogopa kwenye usaili kama ninavyoogopa sasa nikikuwazia umefika kwenye mstari huu. Unaweza kuikunja karatasi ukamwambia Mama, "Hajambo, anasoma," na mimi huku sitajua kitu. Sahihi yako naiomba kwa magoti. Ukiona si sawa niende, niandikie wewe mwenyewe, nitaumia lakini nitakusikiliza. Ila sahihi ya Mama usimtilie. Na usimletee wino wa dole gumba. Mpe kalamu yako, ile ya ghalani, na umkalishe kwenye meza.

Msalimieni Bibi, mwambieni soksi alizonifumia nazivaa na wenzangu wananionea wivu. Msalimieni Kaka Bakari na wifi yangu na mtoto, na Shangazi Mwanaidi, ambaye najua amekaa hapo mlangoni akisikiliza: Shangazi, hili la uji usilipeleke kisimani. Na yule mama wa Kolo mpelekeeni jogoo mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza.

Barua hii anaileta Mjomba Idi, anayerudi na basi la Kondoa. Atakaa siku tatu kwa dada yake mwingine, halafu atapita kuchukua majibu.

Ni mimi mwanenu nisiyejua kunyamaza, ninayewapenda nyote wawili kwa kipimo kimoja,

Rukia Salimu

Baba, hapa ndipo mwisho wa karatasi ya tatu. Ya nne usiisome wewe. Vua miwani, karatasi umpe Mama mkononi.

HADIJA

RUKIA