Kamba Yako Ilikuwa Imelowa

Baba Furaha,

Nimetoka kanisani, sijavua hata kitenge, nimekaa kukuandikia. Kesho asubuhi meneja wa uwanja ananiita ofisini. Tangu utuache, kazi yako ya kuchora mistari ya uwanja nimeishika mimi, ndiyo inayotuweka hapa Kyebando, na huenda kesho nikaipoteza. Ngoja nikueleze, halafu unigombeze ukitaka.

Jana ilikuwa Supa Kapu, bingwa wa ligi na yule aliyechukua kombe. Mechi uliyokuwa ukiinyolea ndevu kama bwana harusi! Ijumaa mvua ilinyesha ikafuta nukta ya penalti upande wa soko. Nikachukua kamba yako ya katani, ile uliyofunga kitambaa chekundu penye mita kumi na moja, nikapima, nikamwaga chokaa, nikaenda zangu. Kamba ilikuwa imelala nje. Ilikuwa imelowa chapachapa.

Najua, najua. Uliniambia mara ngapi? "Mama Furaha, katani ikilowa inajivuta, inakuwa fupi. Ingoje ikauke." Na ukishapima ulikuwa unahakikisha kwa miguu kutoka mstari wa goli, hatua zako kumi na mbili, mimi kando yako kumi na tano, unanicheka eti natembea kama bata. Ijumaa sikuhesabu. Tangu tukuzike sijahesabu hata siku moja. Nilikuwa naogopa kuipita ile njia peke yangu.

Nilikumbuka mechi imebaki dakika chache, kila timu ina bao moja. Nilikuwa naikunja kamba, nikaisikia kavu mikononi, ndipo nikakumbuka ilivyokuwa jana yake. Ee Mungu wangu! Supa Kapu haina muda wa nyongeza, ikiisha sare ni penalti. Nikaomba mtu afunge, yeyote yule. Hakufunga mtu. Refa akachagua goli la upande wa soko.

Nikajiambia, timu zote mbili zinapiga pale pale, nani atajua? Lakini makipa wale wangepigiwa kwa karibu mno, tena kwa makosa yangu. Na wewe ungejua. Mpigaji wa kwanza wa bingwa wa ligi alikwisha kuweka mpira chini. Nikaingia uwanjani na kamba na ndoo ya chokaa. Watu wakazomea, "Nnyabo, mama we, toka!", wakidhani nimerukwa na akili. Refa, yule dada polisi wa Gulu uliyekuwa ukimsifia, akaniuliza, "Mama, una hakika?"

Sikuwa na hakika. Nikasimama kwenye mstari wa goli nikaanza kutembea, moja, mbili, kwa sauti. Hatua ya kumi na tano iliipita nukta kwa zaidi ya unyayo mzima. Nikaivuta kamba kavu. Kitambaa chekundu kikalala pale pale mguu wangu ulipoishia. Refa akaniruhusu nifute, nichore upya.

Yule mpigaji akarudi, akapaisha mpira juu ya goli. Kombe likaenda kwa wale wengine. Sasa mabingwa wa ligi wamelalamika kwamba nilimvuruga kijana wao, na hiyo ndiyo habari ya kesho. Furaha, binti yako, amenishauri tangu jana: "Mama, sema kamba ya baba ilikuwa mbovu." Meneja ataamini, nani atakuja kukutetea? Usiku kucha nimeligeuzageuza neno hilo, sikufichi. Nina woga, Baba Furaha. Sijui nitamlisha nini huyu mtoto.

Lakini sitalisema. Nakuahidi kesho nitamwambia meneja kwamba kamba ni nzima, aliyekosea ni mpimaji. Akinifukuza nitamwomba kitu kimoja tu, anipe hiyo kamba nije nayo nyumbani. Akiniacha, nitaianika kila siku, na nitahesabu.

Pumzika, mume wangu. Ile njia nimeshaipita. Nilipofika kumi na tano, mbele ya uwanja mzima, niligeuka pembeni nikingoja unicheke.

Mama Furaha