Posa Katika Nyumba Isiyo na Mwenyeji

West End, Alexandria,
Virginia, Marekani.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa wifi Vaileth,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo wifi. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, na lile goti liwe limekubali dawa. Shemeji Mwita anaendeleaje na kifua? Sisi Mungu anatutunza. Mimi bado nahudumia wazee kule Rockville, mdogo wako Fredy yuko palepale kwenye maegesho ya magari ya hoteli, na Queen anaendelea na unesi wake.

Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu utanikatiza, na hili nataka ulisikie hadi mwisho.

Queen ameposwa na Ethan, kijana wa Kizungu, na unakumbuka ulivyompinga. Sikulaumu, wewe ndiye shangazi. Fredy naye alikuwa nusu upande wako. Basi mwezi wa nane tulikwenda Ayalandi kuonana na watu wa Ethan, kwa sababu bibi yake ana miaka tisini na moja na hawezi tena kupanda ndege.

Nyumba ya bibi ni ndogo, hivyo wazazi wa Ethan walikodi nyumba ya likizo karibu na bahari, tukae wote wiki moja. Ni nyumba nzuri ya mawe, ina vyumba vitano, na ng'ombe wanafika mpaka kwenye uzio. Ila mwenye nyumba hatukumwona. Ufunguo ulikuwa kwenye kisanduku ukutani, unabonyeza namba kinafunguka. Hakuna aliyetuambia karibuni.

Tulifika saa kumi jioni. Queen na Ethan walikuwa wamebaki kwa bibi kumsaidia. Tukaoga, mimi nikavaa kitenge, Fredy koti, tukakaa sebuleni kungoja kuitwa mezani, maana sisi ndio tulioalikwa. Ikapita saa moja, ikapita saa mbili. Baadaye nikasikia vijiko jikoni. Kwenda kuchungulia, Baba Ethan na mkewe wanakula mkate na supu, tena wamesimama. Wakanipungia mkono kwa furaha kabisa. Tukalala na biskuti za kwenye ndege.

Asubuhi Baba Ethan akamfungulia Fredy friji, akamwonyesha: rafu ya juu yetu, ya kati tumewaachia ninyi. Fredy akatabasamu kama mtu anayeshukuru, akaniambia kwa Kiswahili, "Mama Queen, nimevuka bahari nzima kuja kuonyeshwa rafu?"

Queen alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Akamweleza kwa Kiingereza chake kwamba nyumba za namna hii kila mtu anajipikia.

"Kila mtu? Kwani hapa ni stendi?" Fredy akauliza, bado kwa Kiswahili.

Mama Ethan akauliza baba anasemaje. Queen akasema anaisifu nyumba.

Chumbani Fredy aliniambia tubadilishe tiketi. "Watu wasiojua kumpa mgeni chakula, mtoto wangu akiugua watampa nini?" Nilichukua rozari yangu nikakaa dirishani.

Lakini Fredy hakuona vizuri kuondoka bila kumsalimu bibi. Akaenda peke yake, kwa miguu, mvua inanyunya, kashika kile kitenge tulichompelekea. Bibi akamfungulia, akamkalisha karibu na moto, akamwekea chai, mkate na mayai. Fredy kila akitaka kueleza kilichomleta, bibi anamsogezea sahani: kula kwanza. Hakumwuliza neno mpaka sahani ikawa tupu. Alirudi alasiri, koti limekauka.

"Yule mzee ni wa kwetu," akasema. "Hawa wa kizazi cha katikati ndio waliopotea njia."

Habari ya tiketi ikaishia hapo. Nami nilitaka kucheka, wifi, nikashindwa.

Nikwambie kwa nini. Hapa kwetu mimi natoka alfajiri, Fredy anaingia kazini mchana, Queen ana shifti zake. Ndani ya friji letu kila mmoja ana bakuli lake lenye jina, na majina hayo nimeyaandika mimi, kwa mkono wangu. Mara ya mwisho sisi watatu kula meza moja ilikuwa Pasaka. Nilimsengenya Mama Ethan moyoni siku nzima kwa jambo ninalolifanya mimi kila siku. Nimekwisha kuungama kwa padri, sasa naliungama na kwako.

Kulekule Ayalandi, kesho yake, nilimwendea Mama Ethan, nikamwuliza taratibu. Akasema aliogopa kutupikia tusivyokula, akaona heshima ni kutuachia nafasi. Nikaitazama ile rafu ya kati. Ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Vyao walikuwa wamevibanabana.

Sasa wanataka kuja huko kwenu Tarime mwezi wa kumi na mbili, kuposa kwa utaratibu wetu. Fredy hajasema ndiyo wala hapana. Anasema dada akikataa, amekataa.

Sikuombi ukubali. Naomba uwafungulie mlango, wale kwako, uwaone kwa macho yako, ndipo useme. Na kama ni hapana, mwambie Queen mwenyewe, kwa mdomo wako. Usinipe mimi nimfikishie. Hajaniuliza kitu tangu turudi, ila Jumatano niliona karatasi yake ya kazini: ameomba likizo ya Desemba yote.

Nisalimie shemeji Mwita, Mama Khalfan jirani yako, na watoto wote wa pale nyumbani. Bwana aibariki riziki yenu na awape usingizi wenye amani.

Mimi nikupendaye na kukuombea kila siku,
wifi yako,
Honorata