Ndoo Iliyofunikwa Kitambaa

Kaka yangu,

Sisi wazima, na paka wako bado mwizi. Shuleni nimeanzisha mchango wa sarafu kwa wagonjwa wasio na ndugu. Mwalimu mkuu alisema nitaambulia vifungo vya mashati. Sasa anawaambia wageni wazo ni lake.

Ndoo nimeifunika kitambaa. Kila mtoto anaingiza ngumi na kuifungua humo ndani, hata asiye na kitu, ili asijulikane. Jana binti mmoja alininong'oneza, "Mwalimu, leo sina, ila nimeingiza mkono kama wenzangu." Nikamwambia amefanya vyema.

Najua kwa nini miaka miwili huji: unaona aibu kurudi mikono mitupu. Njoo hivyo hivyo. Gari likisimama nje, Mama hutazama anayeshuka, hatazami mizigo.

Mdogo wako, mkaidi yule yule