Joyeuse na mousse yake

Ornella, Joyeuse amelipiza! Leo, mu ndege ya Beni-Butembo!

Unakumbuka alishona mousse ya matelas, ile sponji ya godoro, ku ukuta ya ndege juu ya kupunguza kelele ya motere, kisha Valère, ule ingénieur wa Kinshasa, akadanganya patron wa ndege ni yeye aliwaza vile? Wiki mbili roho ilikuwa inamuchoma Joyeuse.

Leo ilikuwa essai, kujaribu ile mousse, na patron mwenyewe alikuwa ndani. Waasi balifunga barabara, donc ndege ilijaa.

Kule juu Joyeuse akamuuliza Valère polepole, kama mu misa: "Ile mousse, nani aliiwaza?"

Valère akafikiri kelele ya motere itaficha sauti yake, akajibu: "Ni weye. Mais nani ataamini mushonaji wa kijiji kama Vuhovi?"

Batu bote balisikia. BOTE!

Patron akageuka: "Mimi naamini."

Na Joyeuse, polepole tena: "Unaona, Valère? Mousse yangu inatumika muzuri."