Shimu ya Mkebe wa Kakao

Gitothua, Ruiru
12 Novemba

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mwanao Mugo. Nyonga inaendeleaje? Dada Tabby ameniambia siku hizi unafika hadi kwenye geti bila mkongojo, tena unagombana na daktari, nikajua kweli unapona. Sisi huku tu wazima. Mama amepaka rangi chumba chako pale nyumbani Landless, na kila asubuhi ananipigia kuuliza gari limefika wapi. Nakuandikia kwa sababu simu huisikii vizuri. Tabby akusomee polepole, na asiruke mahali.

Baba, hii Datsun yako imenitoa jasho, wacha tu! Ulikataa katakata kutoka Eldoret kwa gari lingine lolote, na sasa ni wiki ya sita unakaa kwa watu kwa sababu yangu. Difu, lile boga la chuma kwenye ekseli ya nyuma, uliifunga kwa ajili ya kupandisha maziwa milima ya Gatanga. Ukiingia barabara kuu, ukifika kilomita sabini injini inapiga mayowe na gari haliongezi. Ndiyo maana tulikubaliana nitoe gia zile za meno manane kwa thelathini na tano, niweke za kumi kwa thelathini na tisa, injini ipumue na mgongo wako upumzike.

Gia nilizipata kwenye duka la Mzee Oluoch pale Landless, rafiki yako wa tangu mkiwa kiwandani. Alikuwa amezifunga kwa grisi na gazeti miaka yote hiyo. Nikafunga difu, nikashika njia ya Thika, na kabla sijafika Juja ikaanza kulia. Nikafungua, nikafunga, ikalia. Nikabadilisha beringi zote, ikalia! Ngai, mara ya nne nilirusha spana ikapasua beseni la jirani, nikamwomba msamaha huku bado nimefura. Mwas, ninayefanya naye kazi hapa gereji, akasema niache tu, mzee mwenyewe hasikii. Nilimwambia kwamba wewe, Baba, utaisikia kwa mgongo.

Basi nikaenda Landless, na mbele ya wateja wake nikamwambia Mzee Oluoch kwamba ameniuzia vyuma chakavu, na kwamba amengoja uwe kitandani ndipo atudharau. Alifunga duka, akachukua kipimo chake, tukaja naye hadi gereji. Akaifungua difu kwa mikono yake mwenyewe.

Baba, alichokipata humo ndani mimi nilikuwa nakijua.

Ni shimu yako, ile pete nyembamba inayokaa nyuma ya gia ndogo kuisogeza karibu na ile kubwa. Uliikata kwa mkasi kutoka mkebe wa kakao mwaka ule spea zilipokosekana, ukaniambia nikifungua difu hii siku yoyote, shimu isitoke. Siku ya kwanza kabisa nilipima, na kipimo kikakataa. Nilipaka meno rangi, ikashika ncha tu badala ya katikati. Niliona kwa macho yangu, na bado nikairudisha mara nne! Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu mpaka nikamtukana mzee wa watu bure.

Ukweli ni kwamba Tabby aliponiambia daktari amesema hutaingia tena chini ya gari, niliogopa. Nilitaka kazi ya mkono wako ibaki ndani ya hilo gari. Sikujua pa kuiweka kwingine.

Mzee Oluoch aliipangusa kwa kitambaa, akasema shimu hii uliikatia gia za milimani, hukuikatia hizi, na kwamba wewe mwenyewe ungekuwa wa kwanza kuitoa. Nilimwomba radhi mbele ya Mwas, na kesho nitaiomba tena mbele ya wateja wale wale. Tuliweka shimu nyingine, tukaenda hadi Thika na kurudi. Kimya, Baba.

Ijumaa tunakuja kukuchukua. Mzee Oluoch atakaa kando yangu, anasema anataka kuisikiliza njia nzima.

Mama anakusalimu, na mafundi wote hapa wanakusalimu. Tabby, fungua ile karatasi iliyokunjwa ndani ya bahasha, umwekee Baba mkononi ile pete iliyomo. Iko na grisi kidogo, sikuiosha.

Ni mimi mwanao,
Mugo